Baridi Iliyoruka Ukuta

“Dada Syovata, hiyo baridi ikishatoka humo huenda wapi?”

Mwanatumu, mtoto wa jirani, alikuwa darasa la tatu wakati huo, na swali lake lilimkuta Syovata juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. Hakujibu. Angejibu saa ngapi? Alikuwa anafunga kiyoyozi chumbani kwa babake, kwenye mashamba ya skimu nyuma ya Msambweni, ambako hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho!

Syovata alikuwa fundi wa viyoyozi katika hoteli moja ya Diani. Mchana kutwa aliwatengenezea wageni baridi ya kujifunikia shuka mbili. Jioni akirudi, humkuta babake, Mzee Mutunga, amelala sakafuni kifua wazi, anatafuta ubaridi wa saruji. Mabati ya nyumba ile mwezi wa Machi, we! Hata paka hapiti juu yake mchana. Na tangu kiharusi kimshike Mzee upande wa kushoto, joto lilikuwa linammaliza.

“Narudi Mwingi kwa ndugu yangu,” Mzee alikuwa amesema. “Kule usiku kunapoa.”

“Na kliniki atakupeleka nani, Baba? Ndugu yako mwenyewe anatembea kwa kushikwa mkono.”

“Nitajua huko huko. Jumamosi, basi la kwanza.”

Begi lilikuwa limeshashushwa kutoka juu ya kabati. Ndiyo maana Syovata, hoteli ilipong’oa viyoyozi vyake vya zamani, aliomba kimoja akakileta mbio kwa bodaboda, amekikumbatia kama mtoto.

Kikanguruma! Ukisimama chini yake nywele zinapepea. Lakini ukisogea hatua mbili tu, uko ndani ya tanuri. Syovata akakiteremsha hadi nyuzi kumi na sita, mwisho kabisa. Kikanguruma zaidi, bila kupumzika, mpaka swichi kubwa ikaanguka, na feni na redio vikanyamaza pamoja nacho. Akairudisha. Ikaanguka tena. Akakifungua, akaosha chujio, akapima gesi. Mashine ilikuwa nzima, haina kasoro!

“Hotelini wawagandisha Wazungu,” alicheka Bi Mwanapili, nyanyake Mwanatumu, kutoka uani kwake, “na babako waacha aive!”

Ijumaa, huyo huyo Bi Mwanapili akaja kumuaga mgonjwa. Akaja na chetezo chake, makaa yamewaka, akatia ubani, akakiweka miguuni pa kitanda.

“Mama, mimi ni mtu wa kanisa,” Mzee akalalamika. “Mwanikausha kama samaki wa Shimoni?”

“Nyamaza ubarikiwe! Moshi hauulizi dini.”

Syovata alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekata tamaa, macho yanafuata moshi tu. Moshi ukapanda. Kiyoyozi, ambacho alikuwa amekiwasha tena, kikausukuma. Ukafika juu ya ukuta na, bila kubisha hodi, ukaruka upande wa pili, ukapita sebuleni, ukatokea kwenye uwazi chini ya mabati, ukaenda zake shambani.

“Mungu wangu!” Syovata akaruka. “Haina dari! Nyumba haina dari!”

“Miaka yote haina,” Mzee akasema. “Leo ndiyo umeona?”

Naam, leo ndiyo alikuwa ameona. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Zilikomea chini ya paa, kama za majirani wote, ili upepo upite. Hotelini kila chumba kina dari, na hajawahi kuwa na haja ya kutazama juu. Siku zote hizo alikuwa anapoza migomba ya shambani!

Jumamosi basi la kwanza likapita bila Mzee, kwa sababu Bi Mwanapili alikuwa amelikalia begi lake. Amelikalia hasa, anasuka makuti, na hakuna mwanamume wa kumwinua. Makuti yakapanda juu ya mabati. Mikeka ikashonwa pamoja ikawa dari, na uwazi wa juu ya ukuta wa chumba cha Mzee ukazibwa. Dirisha la magharibi likapata pazia la makuti kwa nje, jua la alasiri lisiingie.

Kisha Syovata akawasha kiyoyozi. Si kumi na sita, ishirini na sita, na feni ikizunguka polepole. Wakangoja, watu wanne ndani ya chumba kimoja. Kikanguruma, kikanguruma... kikanyamaza.

“Swichi imeanguka tena!” Mwanatumu akapiga kelele.

“Tazama feni!” Syovata alipiga kelele kumshinda. “Umeme upo! Kimepumzika! Kimetosheka, kimepumzika chenyewe!” Akamshika Bi Mwanapili kiuno, wakacheza mpaka begi likapigwa teke chini ya kitanda.

“Liacheni huko,” Mzee akasema, akijivutia shuka.

Machi hii Mwanatumu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, alipita kumwamkia Mzee akamkuta amelala fofofo, saa nane mchana, Syovata ameketi kando yake. Akaufungua mlango wa chumba, akauegemea ukiwa wazi, akanong’ona, “Dada, hukunijibu bado. Baridi huenda wapi?”

“Yapita hapo hapo ulipoegemea,” akasema Syovata. “Ingia ndani ufunge mlango.”