Kovu Lisilojua Kukoma

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, mimi hushikwa na hasira kabla ya kujibu. Si hasira na yeye, maskini, ni na jibu lenyewe. Nikisema mimi ni daktari, jioni hiyohiyo jirani ananiletea mguu uliovimba. Nikisema si daktari wa namna hiyo, anauliza, "Basi wa namna gani?" na hapo ndipo tunapoharibikiwa. Kwetu Mtongwe nimeshapima watu presha kwa mashine ya kuazima, wallahi, kwa sababu tu nimechoka kueleza.

Kaka yangu ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote. Yeye hushinda Changamwe kwenye yadi za makontena, siku kuna kazi, siku hakuna. Safari hii nilikuwa nyumbani, mkataba mmoja wa ng'ambo umekwisha na mwingine sijaukubali, akanihoji. Nikamweleza: ukishapata shahada ya uzamivu wewe si mwanafunzi tena, wala hujawa mwalimu. Unaingia maabara ya profesa fulani, unafanya utafiti miaka miwili mitatu, mradi ukiisha unafunga mabegi, unatafuta maabara nyingine, nchi nyingine, viza nyingine. Akanitazama.

"Kumbe kibarua," akasema. "Kibarua mwenye miwani."

Nilitaka kumrushia kandambili. Lakini uongo uko wapi?

Kazi yenyewe naipenda, hilo nalisema bila haya. Nachunguza seli zinazotengeneza kovu. Ngozi ikikatika, seli hizi huhamia kwenye jeraha, hushika kingo zake, huvuta, huziba. Zikimaliza zinatakiwa zitulie. Ajabu yake ni kwamba zinajua mambo kwa kugusa. Hazina macho, lakini hupapasa pale zilipokaa zikajua ni pagumu au ni laini. Maabarani tunazitandikia vitanda vya jeli, kimoja laini kama nyama ya dafu, kingine kama koroma, kingine kigumu kama nazi iliyokomaa. Seli ni zilezile. Kwenye dafu zinajikunyata, kimya. Kwenye nazi zinajitandaza, zinajikaza, zinavuta mpaka unaona kwenye hadubini kitanda kinasogea chini yao. Mara ya kwanza kuliona hilo nilipiga kelele peke yangu chumbani, "Ala! Kumbe mwajua!"

Sasa kovu likishakuwa gumu, seli zinaona zimekaa pagumu, zinazidi kuvuta, na pale panazidi kukaza. Kwa watu wengi mchezo huu unafika mahali unakoma. Kwa wengine haukomi. Zinajuaje pa kukomea? Na zile zisizojua, zimepotelewa na nini? Hilo ndilo swali langu, na nikianza nalo chakula hupoa mezani.

Hata hivyo nilikuwa nimechoka. Profesa mmoja alinipa nafasi mpya, anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na mimi nilikuwa nimeanza kuulizia kazi ya kufundisha hapahapa nyumbani, nikae mahali pamoja kama watu. Ndipo mdogo wangu akaja kwa mama na mtoto mchanga.

Mdogo wangu ameolewa Mjambere. Huyu ni mtoto wake wa kwanza, wa kike, na kama ilivyo desturi alikuja kukaa arobaini yake kwetu, mama amkande kwa maji moto na kumnywesha uji wa pilipili manga. Siku ya arobaini upande wa mumewe huja, mtoto hutolewa nje, na kama ni wa kike hutogwa masikio. Mwenye sindano ni mavyaa wake, mama wa mumewe. Wajukuu wote wa kike amewatoga yeye kwa mkono wake, na vipuli vya dhahabu vya huyu mdogo alikuwa ameshaviweka tayari.

Lakini mdogo wangu ana keloidi. Usichanani alitogwa tundu la pili kwenye ndewe ya sikio la kulia, na kovu lake halikukoma. Liliota, likapita mipaka ya jeraha lenyewe, likawa kama tunda dogo la kunazi, kisha likalizidi. Hospitali walilikata, likarudi kubwa kuliko mwanzo. Tangu hapo hajavua mtandio mbele ya watu, isipokuwa mumewe na sisi wa nyumbani, na hata sisi hutupa mgongo. Siku ya harusi alikataa katakata nywele kusukwa juu. Wakweze wakadhani ni haya za bi harusi, wakamsifu.

Asubuhi moja tulikuwa uani tunafua nguo za mtoto.

"Dada," akasema, "nikuulize jambo la kazi yako."

Watu hawaniulizi ya kazi yangu. Nikajikausha mikono, nikakaa vizuri.

"Mwanangu akitogwa, litamwota kama langu?"

Nikaanza. Nikamwambia jambo hili hutembea katika baadhi ya familia, lakini si kila mwana humfuata mamake. Watoto wadogo mara nyingi hupona vizuri kuliko wakubwa. Mara nyingi, nikasema, si mara zote.

"Sikukuuliza mara nyingi. Nimekuuliza huyu."

"Huyu sijui."

"He! Miaka yote hiyo kwenye baridi! Harusi yangu hukuwapo, baba tumemzika hukuwapo, na hujui?"

Iliniuma, sitaki kudanganya. Elimu ni bahari, wasema watu, na mimi bado nalowesha vidole vya miguu. Akaona nimenywea, akashusha sauti. "Dada, mie nahitaji neno lako tu. Nikikataa mwenyewe, mavyaa atasema namdharau. Ukisema wewe daktari kwamba mtoto asitogwe, atasikia. Na ukisema atogwe, nitamtoa mwanangu roho yangu ikiwa safi. Sema moja."

Ningeweza kusema. Neno moja, kwisha maneno. Badala yake nikamwambia, "Hebu nilione."

Alisita, kisha akateremsha mtandio. Yarabi, nilikuwa nimepima ugumu wa seli za watu nisiowajua, miaka, na sikio la mdogo wangu sijawahi kuligusa. Nilipapasa taratibu. Katikati palikuwa pametulia, karibu laini. Pembezoni palikuwa pamekaza, pana joto kidogo.

"Wapi pawasha?"

"Hapo pembeni ulipo. Katikati kumekufa." Akanishika mkono. "Daktari mmoja aliniambia makovu haya huota pale ngozi inapovutwa. Kifuani, mabegani. Haya, ndewe yangu yavutwa na nani? Si imening'inia tu?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Lakini ningefanyaje? Hadithi yangu yote ya dafu na nazi ilifika kwenye sikio lile ikakwama. Ndewe ni laini, haibebi kitu, haivutwi na kitu, na ndiko keloidi ipendako kuota. Wenye kazi yetu tunalizunguka swali hilo na hatujalipatia jibu la kutosha, na hapa limekaa juu ya kigoda, mikono ina povu la sabuni! Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima.

"Wacheka ugonjwa wangu?"

"Wallahi sikucheki wewe. Nacheka kwa vile hakuna ajuaye!"

"Basi ndiyo furaha hiyo?" Akajifunika, akambeba mwanawe, akaingia ndani. Hakusema nami tena mpaka siku ya arobaini.

Siku hiyo nyumba ilijaa wanawake. Mavyaa wake alikaa mkekani, mbele yake sindano, uzi, pamba na spiriti, na vipuli kwenye kitambaa cheupe. "Haya, mleteni bibi harusi wangu," akasema. Mdogo wangu hakumtoa mtoto.

"Mama, tumwache kwanza."

"Tumwache kwa nini? Mtoto wa kike masikio matupu?" Alipoona hajibiwi akanigeukia mimi. "Wewe daktari, mwenzio ana nini? Kuna ubaya mtoto kutogwa?"

Wote wakanitazama. Mdogo wangu pia alinitazama, na nilijua anataka nini.

"Sijui, mama," nikasema. "Huenda asidhurike, huenda akadhurika. Wa kusema kwa hakika hayupo, wala si mimi."

"Basi kama hujui, tutoge kwa jina la Mungu."

Akainua sindano. Mdogo wangu akaniwekea mtoto mapajani bila kunitazama. Akavua mtandio mbele yao wote, akaikunja ndewe yake mbele ili kovu lililoota nyuma lionekane, akapiga magoti mbele ya mavyaa wake.

"Yeye hajui," akasema. "Mimi najua. Kitu hiki nimekaa nacho mimi."

Mavyaa aliweka sindano chini. Akasogeza uso, akagusa kwa kidole kimoja.

"Chauma?"

"Chawasha."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kabla hamjaja kuniposa."

"Toba! Mficha uchi hazai, na wewe umezaa huku umeficha." Akacheka, machozi yanamtoka, akamvuta kifuani. Kisha akavifunga vipuli kwenye kitambaa chake, akampa. "Vyake hivi. Mwekee. Akikua, akivitaka, ataamua mwenyewe."

Baadaye tulikuwa jikoni tunapakua pilau. Mdogo wangu alikuwa bado hajajifunika, na mtoto nimembeba mimi mgongoni.

"Nilitaka useme uongo," akaniambia.

"Najua. Na mimi nilitaka."

Akapakua sahani moja, akapakua ya pili. Nikamwambia habari ya yule profesa, kwamba nafasi ipo na kwamba nilikuwa nataka kuikataa. Hakuuliza ni ya muda gani wala iko wapi. Alimnyanyua mwanawe kutoka mgongoni kwangu, akambusu sikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto.

"Nenda," akasema. "Lakini huyu siku atakapovidai vipuli vyake, atakuja kukuuliza wewe. Na yeye usije ukamwambia hujui."