Neno Disko Lilipofika Mlimani

Niliacha shule kidato cha pili nikaanza kuzurura. Ngerengere nilipakia mizigo, Kingolwira nikafyatua matofali, na kila mahali niliondoka kabla sijazoeleka. Mwaka juzi nilirudi Morogoro mjini, nikapanga nyumba moja na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Alikuwa amefeli hesabu za kalkulasi za muhula wa pili na alisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio. Akishindwa tena, basi. Nyumbani hakumwambia mtu.

Mimi daftari lake lilininasa. Ukizungusha mstari uliopinda unapata umbo la chungu, na hesabu inakuambia kinabeba kiasi gani! Nilimuuliza maswali mpaka akakereka.

"Kaka, wewe unauliza kwa raha zako. Mimi ndiye ninayeulizwa."

Wiki hiyo nilipanda mlimani kwa mama. Nilimkuta akifunga mafungu ya karoti, nikaropoka: "Mwombee binti yako asije akadisko."

"Disko?"

"Ndiyo, mama. Mwaka wa kwanza wengi wanadisko."

Alikaza kamba ya fungu. Nilidhani ameelewa. Chuoni hilo ni neno la kila siku: kudisko ni kufukuzwa kwa kufeli.

Siku mbili kabla ya mtihani mama alishuka na kikapu chake, akaketi mlangoni. Mdogo wangu alikuwa akitoka kwenda kujisomea na wenzake.

"Rudi ndani. Leo hakuna disko."

"Disko gani, mama?"

"Kaka yako kaniambia. Tunakuleta usome, wewe unakata viuno!"

Nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alimweleza mama maana ya neno lile, polepole, na kwa kulieleza akajikuta amesema yote.

"Kwa hiyo hukucheza?"

"Sijacheza, mama."

"Bora ungecheza. Kucheza mtu anaacha."

Kisha mama akauliza ni somo gani hilo linalomshinda. Nikadakia mimi. Nikanyanyua sufuria: "Ikate vipande vyembamba, kama unavyokata karoti. Pima kila kipande, halafu jumlisha vyote."

Mama alimgeukia binti yake. "Hilo tu? Hata huyu mtoro analijua?"

Nilijua picha tu. Sikuwahi kufikisha mwisho hata swali moja kati ya yale aliyojazia mdogo wangu madaftari matatu. Nilipaswa kulisema hapo hapo, lakini bado nilikuwa nafurahia kueleweka. Nilipofungua mdomo, alishakusanya karatasi zake akatoka.

Asubuhi ya mtihani nilimsubiri uani. Tumepishana miaka miwili tu, na tangu utotoni salamu yetu ilikuwa "mambo".

"Shikamoo, kaka," alisema, macho chini.

Niliitikia marahaba. Akaenda zake.