Godoro lilikimbiza Mapendo, Mama Mbaraka akabaki mlangoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya mtaa wa Mapendo, na Furaha Ramazani ameshaanza kufagia mbele ya geti la shule. Mkono mmoja umeshika ufagio. Funguo amezifunga kwenye pindo la kitenge. Anafagia kidogo, anainua kichwa kutazama kaskazini, upande wa mlima wa volkano. Anafagia tena, anatazama tena.

Kuna neno alilisikia jana bombani, nalo limekataa kumtoka. Mama mmoja aliyekuwa anangoja bidoni yake ijae alisema mbwa wa Munigi, kule chini ya mlima, wameacha kulala, na mbwa wakikesha hivyo, mlima haumalizi wiki kabla ya kupasuka. Nani amewaona hao mbwa? Hajulikani. Lakini tangu jana, mbwa yeyote akibweka, mkono wa Furaha unakwenda kifuani.

“Uvumi iko sawa moshi ya makala ya kupikia,” anasema. “Unafungua dirisha, inatoka. Lakini nguo inabakia kunuka.”

Furaha ni sentineli, mlinzi wa mchana wa shule moja ya msingi hapa Goma. Wazazi humwita Mama Mbaraka, kwa jina la mwanawe anayesoma darasa la tatu palepale. Malipo yake hutoka kwenye michango ya wazazi, na kuna miezi hayafiki. Mumewe, Idriss, ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko njiani.

“Batu banasema: Mama Mbaraka, uza sambaza, samaki ndogo ya ziwa, utapata zaidi. Ni kweli. Lakini sambaza haziko na mutoto wangu ndani.”

Hofu yake ina mizizi. Jioni ile ya mwaka 2021 mlima ulipopasuka na mbingu ikawa nyekundu, Furaha alikuwa sokoni. Mbaraka, mwenye miaka mitatu, alikuwa anacheza uani kwa majirani. Mama alirudi mbio, akakuta nyumba tupu.

Jirani yake, Mama Charline, alikuwa amembeba mtoto pamoja na wa kwake, akashika njia ya Sake, magharibi, kwa shemeji yake. Furaha hakujua. Yeye alifuata watu waliokimbilia Gisenyi, upande wa pili, ng'ambo ya mpaka, akiita jina la mwanawe katikati ya maelfu. Walikutana baada ya siku nne.

“Mama Charline alifanya vizuri, hata Mungu anajua. Mutoto alikula, alilala. Lakini mimi, siku zile nne, sikuwa mutu.”

Ndivyo tulivyo Goma. Mtoto wa jirani ni wako. Hatari ikija, unawakusanya wote wa avenyu yako, barabara unayoishi, kama vifaranga na kuondoka nao. Ni wema, nani atabisha? Lakini mama mzazi akifika nyuma yako, anakuta vumbi.

Mkurugenzi wa shule, Edmond Munguakonkwa, alilitafakari hilo baada ya uvumi wa risasi mwaka jana, wazazi waliposukuma geti la chuma mpaka likang'oka na kuwaumiza watoto. Aliketi na wazazi, walimu na sentineli wake, wakakubaliana. Kila mtoto ana mtu wa kwanza na mtu wa pili wa kumchukua, basi. Majina hayo mtoto anayashika kichwani kama sala. Hatari ikitokea, watoto hawaendi getini. Wanapanga mistari nyuma ya madarasa, na anayekuja anaitwa mmoja mmoja kwenye mlango mdogo wa pembeni.

Zoezi la kwanza lilikuwa kichekesho. Kengele ya shule ni jante, ringi ya chuma ya gurudumu la lori kuukuu, na sauti yake inafika mbali. Waliigonga katikati ya somo bila kuwaambia majirani. Kabla watoto hawajamaliza kupanga mistari, avenyu nzima ilikuwa inafunga mizigo.

“Muzee mumoja alitoka na kuku mbili na televizyo,” Furaha anacheka. “Bibi yake alisahauliwa ndani!”

Tangu siku hiyo, zoezi hutangazwa kwanza msikitini na parokiani.

Ndipo ikaja siku ya godoro.

Asubuhi hiyo hapakuwa na zoezi. Mawingu yalikuwa mazito. Kutoka upande wa Munigi akashuka kijana na chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, anakimbia kwa nguvu zake zote, na juu yake kuna godoro kubwa. Mtu wa Goma haulizi mara mbili. Godoro likikimbia, mlima umepasuka au vita vimefika.

“Banahama! Munigi banahama!” mtu alipiga kelele, na barabara ikafurika.

Furaha alifunga geti kubwa, akaigonga jante. Watoto wakatoka, wakapanga mistari. Katika mstari wa darasa la tatu akamwona Mbaraka anamtazama. Hatua chache tu. Angeweza kumshika mkono, wakapitia mlango mdogo, wakaondoka.

“Miguu ilitaka,” anasema polepole. “Miguu ilikuwa imekwisha kwenda. Mimi ndiyo nilibakia.”

Wa kwanza kufika mlango mdogo alikuwa Mama Charline, jasho linamtoka, kitenge kimelegea.

“Leta Mbaraka! Leta na batoto bote ba avenyu yetu, na ule Olive wa Papa Ntirenganya! Nitabafikisha Sake!”

“Chukua wako, Mama Charline. Bengine bana batu babo.”

“Eh! Mutoto niliyemubeba mugongoni, leo unaninyima? Umepewa funguo, umekuwa komanda?”

“Nakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini Mbaraka haendi. Na Olive haendi.”

“Ubakie na funguo zako, basi! Moto ikifika, uifungie geti!”

Watu wakacheka, watu wakatukana. Mama Charline alikuwa bado anafoka pale Papa Ntirenganya, baba wa Olive, alipotokea kutoka barabara ya nyuma, kiatu kimoja mguuni, pumzi juu juu.

“Olive yangu iko wapi?”

“Nani wako wa kwanza?” mwalimu akamuuliza mtoto.

“Papa!” Olive akajibu, akaenda mikononi mwake.

Ntirenganya akakaa chini palepale, mtoto kifuani, akalia. Mama Charline alimtazama, akafunga kitenge chake vizuri. Angeondoka na Olive kwenda Sake, baba huyu angemkuta nani?

Muda mfupi baadaye, chukudu likapenya umati, likafika mbele ya shule. Kijana mwenyewe, Janvier, alishangaa kuona umati unamkodolea macho.

“We Janvier! Mlima iko wapi?”

“Mlima gani? Godoro ya bwana harusi hii! Mvua inakuja, ikilowa nani atalipa?”

Mapendo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mvua ikanyesha kweli, na mtoto hata mmoja hakupotea, hakukanyagwa.

Jioni yake, Furaha alimpelekea Mama Charline sahani ya samaki, akamwomba awe mtu wa pili wa Mbaraka, badala ya Idriss aliye njiani kila mara. “Sasa komanda anaomba askari?” mwenzake alimtania, kisha akakubali.

Furaha angependa shule za Katindo na Munigi zifanye vilevile, na mkurugenzi ameanza kuzungumza na wenzake. “Mlima hatutauhamisha,” Furaha anasema, macho kaskazini. “Lakini batoto, tutajua nani iko nabo.”

Kwa wazazi wengine, haya ndiyo anayowaomba waepuke:

– Usisukume geti. Nyuma yake kuna mtoto, labda wako.
– Usichukue mtoto wa jirani bila ya kuwa mtu wake wa kwanza au wa pili, hata kama unampenda.
– Usimtume dereva wa moto, yaani pikipiki, ambaye mtoto hamjui.
– Usimwambie mwanao majina ya watu wake mara moja tu. Mwulize tena wakati wa kula.
– Usirudie neno la bombani kabla ya kumuuliza aliyelileta ameliona wapi.
– Na kama umenunua godoro, usikimbie nalo mbele ya shule. Mvua ikinyesha, liache lilowe.