Jina Nililoandika Kwenye Kompyuta ya Duka

Nichekeni tu, nimestahili. Mama Rehema, bosi wangu wa duka la mboga pale Bigwa, aliniambia niiweke barua pepe ya duka kwenye programu ya kompyuta. Programu ikauliza jina langu. Nikadhani ni siri, kama neno la siri lenyewe, nikaandika ninachokiota: Mchumba wa Zawadi. Zawadi ni karani wa hoteli moja Msamvu inayonunua mboga kwetu, na sijawahi hata kumwambia nampenda. Kisha nikawatumia wateja wote bei za kabichi.

Mchana Zawadi akaingia dukani.

“Wewe Shabani! Bei za kabichi zimetoka kwa ‘Mchumba wa Zawadi’. Hoteli nzima inaniuliza harusi lini!”

Nikababaika, nikamwamkia, “Shikamoo.”

Akacheka mpaka akashika meza. “Marahaba, mchumba.”