Shati Aliloliacha Mtini

Kila Jumapili, katika kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwanamume mmoja aliyepigana vitani kule Fizi alisimama kutoa ushuhuda. Alisema aliua majirani zake. "Lakini haikukuwa mi. Shetani njo alinitumikisha, sikujua nilichofanya." Tulimpigia makofi. Na mimi nilipiga.

Kisha akaja kwenye cherehani yangu kutaka shati. Nilipokuwa nikimpima mabega, akakigusa kitambaa nilichonunua soko la Mchesi, akasema kinafanana na shati alilovaa siku ile ya kuua majirani. "Ile nilivua kwanza, fundi, nikaitundika ku mti. Damu ikishika nguo haitoki tena."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kusonga ugali. Tepu yangu ilikuwa bado mgongoni mwake. Mtu asiyejua anachofanya hahurumii shati. Huyu alijua vizuri. Alichagua cha kuokoa, na hakikuwa watu.

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamuuliza, "Mikono mirefu ao mifupi?"

Jumapili iliyofuata alisimama tena kusema hakujua alichofanya. Shati nililomshonea lilimkaa vizuri sana.