Jina la marehemu baba kwenye kioo cha gari lilivyonipandishia bei gereji

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu huwa msomaji tu, ila leo nimeona niandike kabla furaha haijapoa. Chumvi sitaongeza, iliyopo inatosha.

Nipo Karatu. Nina Rav4 old model, aliniachia marehemu baba. Natafutia riziki kwa kupeleka watu na mizigo vijijini, huku naota siku moja nitapeleka watalii kreta ya Ngorongoro. Ndoto hazikatwi kodi wakuu.

Baba aliitwa Safari. Kwa wasiojua, kwetu Wairaqw hilo ni jina la mtu kabisa, mtaa mmoja unaweza kukuta akina Safari wanne. Baada ya msiba nikaandikisha jina lake kioo cha nyuma kwa herufi kubwa: SAFARI.

Basi, mwezi uliopita nilimpeleka mama mmoja na magunia yake kijiji cha mbali, Digodigo. Niliporudi gari ikaanza visa. Tambarare inaenda vizuri, ikiona mlima inakata pumzi, mwisho inazima.

Nikaipeleka gereji moja mjini. Fundi akaizunguka, akasoma kioo, akanipa mkono.

"Karibu director. Kampuni yenu ya utalii ina gari ngapi?"

Hapa ndipo nilipokosea. Mimi niliyeishia form two, leo naitwa director! Nilisikia raha mpaka kwenye visigino. Nikajibu, "Tunaanza na hii."

Akawasha, akakanyaga mafuta mara mbili, akatikisa kichwa.

"Injini imekwisha hii. Overhaul, kuifumua yote, milioni mbili na nusu. Hiyo ni bei ya kampuni, director, na risiti nakupa."

Hata robo yake sina. Aliponiona natazama chini akabadili wimbo: nimuuzie yeye ilivyo, aichinje auze spea. Kwa unyonge nikakubali. Tukaagana nimletee kesho yake.

Nyumbani, mama yangu hakunilaumu. Alisema tu, "Kaioshe kwanza. Gari ya baba yako isiondoke na vumbi."

Asubuhi nikaenda carwash. Naosha huku kamasi zinanitoka, naagana na kila tairi. Pale kulikuwa na mzee mmoja wa Kipare, fundi magari, siku hiyo anatengeneza pampu ya maji ya hapo carwash. Akasoma kioo.

"Kijana, wewe ni wa Safari yupi? Yule mfupi wa Rhotia?"

"Huyo huyo, mzee. Shikamoo. Ametangulia mbele za haki."

"Marahaba. Aisee, pole sana mwanangu. Alikuwa mbishi yule! Hakununua hata nati bila kugombana. Sasa mbona unaosha gari kama unaosha maiti?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamsimulia yote, mpaka ya udirector.

Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja ambalo kule gereji hawakuniuliza.

"Mara ya mwisho kabla haijaanza huo ugonjwa, mafuta uliweka wapi?"

"Digodigo. Ya kidumu, maana sheli iko mbali."

"Ahaa."

Akafungua boneti, akatoa fuel filter, yaani chujio la mafuta, akaimwaga kwenye kifuniko cha ndoo. Wakuu, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, chini mchanga umetulia.

"Injini yako iliyokufa ndiyo hii hapa," akasema.

Tukashusha tenki tukalisafisha, filter mpya nikanunua mwenyewe dukani, yeye hakutaka hata kushika hela ya spea. Jumla na ufundi wake haikufika laki. Akasema nisimlipe kwanza mpaka ipande mlima.

Tukaishika barabara ya kwenda geti la Ngorongoro.

"Kanyaga."

"Itazima, mzee."

"Kanyaga wewe! Gari haibembelezwi."

Nikakanyaga. Ikapanda. Ikapanda, ikapanda, lori la vitunguu tukaliacha nyuma. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

"Vumbi la wapi na vioo umefunga?"

Niligeuzia huko huko juu, nikamlipa mzee hela yake, nikampigia yule wa gereji kuwa siuzi tena. Akakata simu bila kuaga.

Nilichojifunza: fundi akikutajia bei kabla hajauliza gari imetoka wapi na imekunywa nini, ujue anachokagua ni mfuko wako. Na sisi vijana tuache kujibu vyeo tusivyonavyo. Ile raha ya dakika moja ilibaki kidogo inigharimu gari ya baba.

Simsemi kila fundi vibaya, wazuri wapo, shida ni kuwapata. Nyie wenzangu mliwapataje wa kwenu? Tiririkeni hapa, nitasoma zote jioni.

Sasa hivi siwezi. Mama ameshakaa siti ya mbele na kitenge kipya, anasema hataki kusimuliwa, anataka kuuona huo mlima mwenyewe.