Stromboli Hatuna Mtu

Kosa la Agatina Furci lilikuwa moja tu: aliitaja safari yake dukani kwa Saverio, mwoka mikate, saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Afadhali angeitangaza kwenye kipaza sauti cha kanisani, maana padri husema jambo mara moja akanyamaza.

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Thelathini na minne kati ya hiyo aliwapikia watoto wa shule ya mji wao mdogo wa Petrazza mchana, na jioni akampikia mama yake, mpaka bibi yule alipofariki mwaka juzi. Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa, ila kila mposaji swali lake la kwanza lilikuwa chakula huliwa saa ngapi. Kutoka dirisha la jikoni kwake, anga likiwa safi, alikiona kisiwa cha volkano cha Stromboli kikitoa moshi kule baharini, na hakuwahi kutia mguu huko. Sasa amestaafu, amenunua daftari, na amepanga siku tisa za Septemba: Scilla, Lipari, Salina, mwisho Stromboli. Alitaka kitu kimoja tu duniani: aketi peke yake kwenye meza inayotazama bahari, aletewe samaki aliyepikwa na mtu mwingine, na asiwepo wa kumwuliza kama chumvi imetosha.

"Peke yako?" Saverio aliduwaa, mkate ukiwa bado mkononi. "Umegombana na nani, dada?"

"Sijagombana na mtu."

"Basi anaumwa," alisema mama mmoja wa nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

Kufikia mchana safari ilikuwa ya mji mzima. Mtu wa Petrazza hafiki mahali penye ndugu wa jirani akaenda kulala hotelini. Hilo ni tusi, na watu hulikumbushia hata msibani. Wala hasafiri mikono mitupu. Rosalba, mjane wa kaka yake Agatina, ndiye aliyeshika usukani. Aliingia jikoni bila kubisha hodi, simu mkononi, chozi la furaha likimlengalenga.

"Wifi, tulia, nimeshamaliza kila kitu! Scilla unalala kwa dada yangu. Lipari kwa binamu ya Saverio, utalala chumba kimoja na bibi yao. Anakoroma, lakini ana roho nzuri. Salina kwa kaka wa padri wetu. Mkewe kavunjika mkono, masikini, utamsaidia kupika."

"Kupika?"

"Kidogo tu! Watu kumi na mmoja."

Kufikia Ijumaa meza ya Agatina ilikuwa imejaa vifurushi vya kupeleka: jibini, chupa za bilinganya za mafuta, soseji za pilipili, na sweta la mtoto ambaye hakuna aliyekuwa na hakika kama ameshazaliwa. Agatina alivitazama, roho ikamwuma kweli. Alihisi amerudi kazini, tena bila mshahara.

"Na Stromboli?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Rosalba akainamisha kichwa. "Stromboli hatuna mtu, wifi. Paruke tu."

Hapo akili ikamfunguka Agatina.

Kesho yake alirudi dukani na daftari lake, akajitia unyonge. "Saverio, eti Tropea tuna mtu?"

"Tropea? Wamejaa tele!"

Tropea hakuiandika. "Na Maratea?"

Saverio alifikiri, akatikisa kichwa kwa huzuni. Agatina akaandika Maratea.

"Procida je?"

Foleni nzima ikafikiri, Rosalba akiwemo. Mzee mmoja alikuwa na rafiki yake wa jeshini huko, lakini alikufa zamani.

"Mungu amrehemu," alisema Agatina, akaandika Procida. Scilla, Lipari na Salina alizifuta zote, akabakiza Stromboli. Vifurushi vikarudi kwa wenyewe, huku wakinung'unika.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa kituoni mapema, mkoba mmoja. Basi lilikuwa limeshawasha injini alipomwona Rosalba anapanda mlima mbio, na mfuko mkubwa begani. Agatina akaukumbatia mkoba wake. Huyu anakuja nami, alijisemea, kwisha habari yangu.

"Nimepiga simu mpaka chaji imekwisha!" Rosalba alihema. "Njia nzima, wifi, huna mtu! Hata mmoja!" Akaangua kilio, na Agatina ikabidi alie naye kidogo, kwa adabu.

"Kwa hiyo unanisindikiza?"

"Nikusindikize nikafanye nini? Unadhani sijaona ulivyokuwa ukiandika kila mji tuliotikisia kichwa?" Rosalba akafuta pua, akatoa kifurushi mfukoni na kumkabidhi. "Shika. Hakuna anayetoka Petrazza mikono mitupu."

"Nimpelekee nani sasa?"

"Soma, si una macho?"

Juu ya karatasi, kwa kalamu nzito, palikuwa pameandikwa: AGATINA FURCI, STROMBOLI.

"Na usimgawie mtu hata kipande," Rosalba aliongeza kwa ukali. "Nakujua wewe."

Basi likaondoka. Agatina akakipakata kifurushi chake mapajani, na mara hii machozi hayakuwa ya adabu.